Masharubu ya Nadhiri

Poongodi aliyaahidi masharubu ya mumewe miezi kumi iliyopita, na mpaka siku walipotua Madurai alikuwa hajamwambia mwenyewe.

Si kwamba alikusudia kumficha. Alikuwa anasubiri wakati mzuri, na kwa Letchumanan wakati mzuri wa kuyazungumzia masharubu yake ulikuwa wakati wa kuyasifu tu. Yalianzia chini ya pua, mazito kama ufagio, yakatambaa mashavuni, kisha yakajikunja juu ncha mbili kama pembe za fahali aliyeshinda. Miaka mitano ilikuwa imepita tangu astaafu ukaguzi wa tiketi kwenye reli ya Ipoh, lakini hadi leo kuna watu mjini kwao waliowahi kushuka kabla ya kituo chao kwa sababu tu waliyaona masharubu yale yakiingia behewani. Kila asubuhi aliyapaka nta, akayachana kwa kitana kidogo cha pembe, akayakunja kwa vidole viwili huku amefumba macho. Kichwani hakuwa na kitu. Nywele zilimtoroka angali na miaka thelathini, zikabaki chache juu ya masikio kama wapangaji waliosahau kuhama.

Sasa walikuwa India, nchi waliyoiacha babu zao walipokwenda Malaya kugema mpira, na ambayo wao wenyewe hawakuwahi kuikanyaga. Walikuwa na siku tisa, mahekalu sita, na dereva aitwaye Pandi, mtu wa makamo mwenye kitambi na maoni juu ya kila kitu.

Na shida ni kwamba Madurai iliyapenda masharubu.

Muuza chai wa kwanza alikataa malipo. Aliweka gilasi mbele ya Letchumanan kwa mikono miwili, akarudi nyuma hatua moja, akatazama kama mtu aliyeonyeshwa mlima.

"Kunywa, mzee. Leo duka langu limepata baraka."

"Kaka, chukua hela yako," Letchumanan alisema, kidole tayari kipo kwenye ncha ya kulia.

"Nichukue hela kwa masharubu kama hayo? Mama yangu atanilaani."

Kwenye lango la hekalu la Meenakshi, polisi aliyekuwa anasukuma watu kwa fimbo alimwona, akabana visigino, akapiga saluti. Alidhani ni kamanda mstaafu. Letchumanan hakumsahihisha, aliinamisha kichwa kidogo tu, kama makamanda wanavyofanya, akapitishwa mlango wa pembeni na mkewe nyuma yake. Ndani, familia moja iliyotoka shamba ilijipanga kupiga naye picha, mmoja mmoja, kisha wote pamoja, kisha na bibi kizee wao peke yake. Mama mmoja alimkabidhi mtoto mchanga amshike ili awe jasiri.

"Umeona, Mama Kasturi?" alisema walipotoka, kifua mbele. "Ipoh wamenizoea. Hawa wanajua thamani ya kitu."

"Nimeona," Poongodi alisema, akairudisha samosa aliyokuwa anakula kwenye karatasi.

Mle hekaluni alikuwa amesimama mbele ya mungu mke akamnong'oneza: Mama, na wewe umeolewa. Nisaidie kumlainisha. Lakini kila hatua waliyopiga mjini, huyo aliyetakiwa kulainika alizidi kukakamaa.

*

Alimwambia njiani kwenda Palani, kwa sababu mlima ulikuwa umeanza kuonekana na hekalu lenyewe liko juu yake, na mtu hawezi kusema uongo mbele ya mwenye deni lake.

"Baba Kasturi," alianza. Miaka thelathini na sita ya ndoa hakuwahi kumwita mumewe kwa jina. Jina la mume halikai kinywani mwa mke. Mengine yote yalikaa.

"Mm."

"Unaikumbuka ile siku Oviya alipozaliwa?"

Nani angeisahau? Mjukuu wao alizaliwa wa miezi saba, kilo moja na robo, akatiwa kwenye sanduku la kioo na mipira puani. Daktari aliwaambia wangoje siku tatu. Saa tisa alasiri Poongodi aliegemeza paji lake kwenye kile kioo, akamwita Murugan wa Palani, mungu ambaye nyanyake alimwimbia akiwa anagema mpira.

"Niliweka nadhiri."

"Najua. Si ndiyo tumekuja? Maziwa, nazi, na ngazi zote kwa miguu."

"Na kunyoa."

"Ni vizuri. Nywele zitaota tena, na wewe una kichwa chenye umbo."

"Si mimi."

Pandi akapunguza mwendo bila kuambiwa. Mazungumzo kama haya hayataki haraka.

Letchumanan alijipapasa utosi, akacheka. "Hiki? Mmemdhulumu kinyozi. Haya, nimekubali, achukue hivyo vilivyobaki."

"Si kichwa."

Mkono ukashuka kutoka utosini, ukasimama mdomoni. Hata honi za malori zilionekana kupisha.

"Ulitaka nimwambie nini, Baba Kasturi?" Sasa Poongodi alikuwa anasema mbiombio, kama mtu anayeteremka mteremko. "Mtoto ana kilo moja na robo, mimi nimwambie Murugan, shika nywele kumi na nne za mume wangu? Angeniona mhuni. Nilimtafutia kitu cha maana. Na wewe kitu cha maana ulicho nacho ni hicho kimoja."

"Simamisha gari."

"Hapa hapasimamiki, mzee," Pandi alisema. "Kuna ng'ombe."

"Ulikuwa na bangili sita za dhahabu mkononi!" Letchumanan alimgeukia mkewe, ncha zote mbili zikitetemeka. "Una nywele mpaka kiunoni! Hukuzikumbuka?"

"Nilizikumbuka."

"Basi?"

"Nilizikumbuka baadaye."

Mkaguzi wa tiketi amewahi kusikia visingizio vya kila aina, lakini hicho hakikuwa kisingizio. Kilikuwa ukweli mtupu, na ukweli mtupu hauna faini.

"Mzee," Pandi alisema kwa upole, akimtazama kwenye kioo, "nadhiri ni nadhiri. Shangazi yangu alimwahidi mungu wa kijiji kuwa mume wake atatembea juu ya makaa. Mume akakimbilia Dubai miaka kumi na moja."

"Ikawaje?"

"Aliporudi alikuta makaa yanamngoja."

*

Nyumba ya wageni waliyofikia ilikuwa ya mjane mmoja, Valliammai, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita watu walio mtaa wa pili. Aliwapokea barazani, akayaona masharubu, akapiga makofi.

"Ewe Murugan! Nyumba yangu leo imepata mfalme! Mmekuja kuomba nini, mzee?"

Letchumanan alipita bila kujibu, akaingia chumbani, akalala kitandani na kujifunika shuka mpaka kichwani. Katikati ya shuka, masharubu yalisimamisha kihema kidogo.

Poongodi akaeleza. Valliammai alishika kiuno.

"Hayo? Uliyaahidi hayo? Dada, una moyo wa jiwe. Mimi kichwa cha marehemu wangu nilikiahidi mara tatu, lakini kilikuwa kichwa cha kawaida."

"Atakubali?"

"Mpelekee dosa. Mwanamume aliyekataa kula ndiye wa kuogopa."

Dosa mbili, chapati nyembamba za unga wa mchele, ziliingia chini ya shuka. Sahani ikatoka tupu. Zikaingia nyingine mbili. Lakini kila Poongodi alipogusa jambo lenyewe, shuka lilijikunyata likageukia ukutani.

"Nimevaa haya tangu nina miaka kumi na tisa," shuka lilisema hatimaye. "Siku ya kwanza kazini mkubwa wangu aliniambia, Letchumanan, wewe huna sauti, huna urefu, abiria hawatakuogopa. Fuga masharubu. Nikafuga. Tangu hapo hakuna aliyeniuliza mimi ni nani."

Poongodi, ambaye hakuwa na desturi ya kukosa la kusema, safari hii alisukuma tu dosa nyingine chini ya shuka.

Saa kumi simu ikaita. Ilikuwa Kasturi, binti yao, anapiga kutoka Ipoh kwa picha, na Oviya mapajani: kilo tisa za hasira, meno manne, anajaribu kuila simu. Shuka likashuka mpaka shingoni.

Pembeni ya Kasturi ukachungulia uso mwingine. Alikuwa Sivagami, mama mkwe wake kutoka Penang, aliyekuja "kusaidia".

"Habari za huko, dada? Mjukuu wangu hajambo. Tazama mdomo huo! Mdomo wa kwetu Penang kabisa. Ni wa marehemu baba yetu. Kila mtu anasema."

Poongodi akakaza taya. Vita hivi vilikuwa na miezi kumi. Mtoto alikuwa na mdomo wa juu uliochongoka katikati kama paa la nyumba, pembe ya kushoto imeinuka kidogo, kama mtu anayetaka kukataa jambo kwa adabu. Ulikuwa mdomo wa ajabu na mzuri, nao haukufanana na wa mtu yeyote. Sivagami alikwisha kuchukua macho ya mtoto, akachukua vidole vya miguu, na sasa alikuwa ameketi juu ya mdomo kama kuku juu ya yai. Poongodi alipekua albamu zote za ukoo wake bila kuambulia kitu. Picha za ukoo wa mumewe hazikumsaidia: toka babu mgema mpira, zilikuwa masharubu matupu.

"Kila mtu nani?" aliuliza.

"Hata muuza samaki," Sivagami alisema.

Simu ilipokatika, Letchumanan alikuwa ameketi.

"Amenenepa," alisema.

"Kilo tisa."

"Ana nguvu. Umeona alivyong'ata?" Alinyamaza, akakunja ncha moja, akaikunjua. "Sawa. Nitanyoa."

Poongodi akataka kumshika miguu, mumewe akamzuia kwa mkono.

"Ngoja. Kuna jambo. Siku ile na mimi niliweka nadhiri."

"Wewe? Wapi?"

"Kwenye maegesho ya hospitali, niliposema nakwenda kununua maji. Nilimwahidi siku moja ya kimya. Hapa hapa Palani. Toka jua linapochomoza hadi linapozama."

Poongodi akaangua kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. "Kimya! Wewe ambaye unaweza kukaa siku tatu hujasema neno? Hiyo ni nadhiri au likizo?"

"Si mimi."

Nje ya dirisha, Pandi, ambaye hakuwa akisikiliza, alipaliwa na kahawa.

"Nilimtafutia kitu cha maana," Letchumanan alisema.

Poongodi alikaa chini polepole. "Siku nzima?"

"Mtoto alikuwa na kilo moja na robo, Mama Kasturi."

"Na umenyamaza miezi kumi!"

"Nilikuwa nasubiri wakati mzuri."

*

Valliammai ndiye aliyetunga sheria. Hakuna kusema, hakuna kunong'ona, hakuna mguno wenye maana. Hakuna kuandika, maana kuandika ni kusema kwa vidole. Ishara zinaruhusiwa kwa maji na kwa choo. Simu haziruhusiwi mlimani hata hivyo, kwa hiyo zote mbili zilikabidhiwa Pandi, aliyekuwa anakwenda Dindigul kumwona dada yake na kurudi jua likizama.

Asubuhi Poongodi aliamka saa kumi na moja akaanza kuongea. Aliongea akioga, akisuka nywele, akivaa sari ya manjano ya mahujaji. Aliongea juu ya Sivagami, juu ya ngazi, juu ya tanki la maji la nyumbani ambalo Letchumanan hakulifunga mwaka juzi, kama mtu anayejaza ndoo kabla maji hayajakatwa. Alikuwa katikati ya sentensi kuhusu shemeji yake wa Taiping jua lilipochomoza. Alifunga mdomo. Hadi leo hakuna anayejua shemeji alifanya nini.

Ukumbi wa kunyolea ulikuwa chini ya mlima, sakafu imelowa, vinyozi wamekaa safu moja miguu wameikunja, na mbele ya kila mmoja ameinama mtu: wazee, mabibi harusi, watoto wanaolia. Wao walimwangukia kinyozi aitwaye Arumugam, mwembamba, mwenye wembe sikioni kama fundi anavyoweka penseli.

"Kaa, mzee. Lo! Hiki kichwa nani amenitangulia?"

"Mungu," Letchumanan alisema.

"Basi ameniachia pembeni tu." Akalowesha, akapitisha wembe mara nne, kichwa kikaisha. Halafu akazunguka mbele, akachuchumaa, na mkono ukabaki hewani. "Na haya?"

"Na hayo."

Kinyozi wa jirani aliacha kazi. Wa pili naye akasimama. Kwa muda mfupi ukumbi mzima ulikuwa na vichwa vilivyonyolewa nusu vikitazama upande mmoja.

"Mzee, nina miaka ishirini na miwili hapa. Nimenyoa wanajeshi. Nimenyoa wacheza ngoma. Kitu kama hiki sijawahi kukigusa. Nani aliyeahidi?"

Letchumanan alionyesha kwa kidevu. Macho yote yakamhamia Poongodi.

"Mama, una uhakika?"

Alikuwa na uhakika mpaka alipomtazama mumewe. Bila miwani, na kitambaa shingoni, alikuwa amepungua. Katika ngumi yake ya kushoto alikuwa ameficha kile kitana cha pembe, na meno yake madogo yalichungulia kati ya vidole. Thelathini na sita, Poongodi aliwaza. Miaka thelathini na sita ameninunulia samaki kila Jumamosi bila kuambiwa. Na mimi nimemchukua kama mtu anavyochukua mwavuli wa jirani.

Akamshika kinyozi mkono.

"Sema, mama," Arumugam alisema. "Ninyoe, nisinyoe?"

"Sema, dada!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. "Mzee wa watu anateseka!"

Neno lilikuwa tayari ulimini, neno moja tu: acha. Murugan angepewa bangili zote sita. Naye ana wake wawili, anajua mambo ya nyumbani. Poongodi alifungua mdomo.

Letchumanan alifumbua macho. Hakuona vizuri, lakini mdomo ule aliujua, na alijua unavyokuwa nukta moja kabla haujaanza.

"Nyamaza!"

Hakuwahi kumwambia hivyo. Labda ndiyo sababu alitiiwa.

"Ukisema sasa, langu limeharibika," alisema taratibu. "Mtoto alikuwa na kilo moja na robo. Nyamaza hivyo hivyo." Kisha akamgeukia Arumugam, akainua kidevu. "Na wewe, wembe huo ni wa kazi au wa maonyesho?"

Yalianguka bila sauti. Ncha ya kulia ilibaki imejikunja hata sakafuni.

Arumugam alimfuta uso, akampaka liwa ya msandali kichwani, akamvalisha miwani. Letchumanan akageuka kumtazama mkewe, apate hukumu yake.

Poongodi alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Mabega yakaanza kumtetemeka, macho yakamtoka, akapiga mguu chini mara tatu.

Pale chini ya pua ya mumewe, mweupe kama kitu kilichofukuliwa, ulikuwa mdomo wa Oviya. Paa la nyumba katikati. Pembe ya kushoto imeinuka. Kutaka kukataa kwa adabu, kule kule.

"Cheka tu," Letchumanan alisema, akajifunika kwa taulo.

*

Ngazi ni karibu mia saba, na Poongodi alizipanda zote na habari ile kifuani kama mtu aliyemeza kaa la moto. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Jua lilikuwa na saa kumi mbele yake na halikuwa na haraka. Alimvuta mumewe taulo, akamwonyesha mdomo kwa kidole. Akamfinya mdomo. Akapakata mtoto wa hewa mikononi, akambembeleza, akamwonyesha tena.

"Nimekuelewa," Letchumanan alisema kwa uchungu. "Nimekuwa kama mtoto mchanga. Asante."

Poongodi alipiga paji lake kwa kiganja.

Kila hatua ilimletea mzee fedheha yake. Muuza chai wa pale chini, aliyemkirimu jana yake jioni, alidai rupia zake akazikagua. Mlinzi alimgonga bega: "We babu, mstari unaanzia kule." Juu kabisa, wakiwa wanangoja kuingia, familia aliyokutana nayo peke yake jana jioni barazani kwa Valliammai ilimsogelea, baba yao akiwa na mkewe na binti wawili waliovaa vizuri.

"Samahani, mzee. Humjui yule bwana mwenye masharubu aliyefikia kwa Valliammai? Alituahidi picha ya pamoja tukiteremka."

Letchumanan aliwatazama mmoja mmoja.

"Amesafiri," alisema.

"Aa! Bahati mbaya. Ukimwona, msalimie."

Ndani walipata kitambo kifupi mbele ya mungu, wakisukumwa kutoka nyuma. Murugan wa Palani hasimami na mapambo ya harusi. Alisusa nyumbani kwao kwa sababu ya tunda alilopewa kaka yake, akaja kukaa mlimani na fimbo na kichwa kilichonyolewa. Letchumanan alikwisha kusikia kisa hicho tangu utotoni na hakuwahi kukijali. Leo alimtazama kwa macho ya mtu aliyekutana na mfanyakazi mwenzake.

"Kumbe na wewe nyumbani walikutenda," alinong'ona.

Walipoketi nje kwenye kivuli, wakilamba kile kitamu cha ndizi, asali na samli kwenye jani, alishusha taulo kidogo.

"Mama Kasturi. Ni vibaya sana?"

Alitikisa kichwa kukana, kwa nguvu mpaka kishaufu kikachezacheza. Akamshika shavu. Machozi yalimtoka, na hakuwa na neno hata moja la kuyaelezea.

"Unanifariji," mumewe alisema. "Hata uongo wako leo ni wa kimya."

Akarudisha taulo. Njia yote ya kuteremka alimshika mkewe mkono kwenye ngazi zilizoteleza, lakini hakumtazama. Chumbani alitundika shati juu ya kioo. Poongodi aliliondoa akamkokota mbele yake. Mzee alifumba macho kama mtoto mbele ya dawa, kisha akalirudisha shati. Mchana kutwa alikaa na taulo lake, akila chini yake.

*

Ilipofika saa kumi na mbili kasoro robo, baraza ya Valliammai ilikuwa imejaa. Wageni wa vyumba vyote walikuwepo. Arumugam alikuja na baiskeli yake kutoka kazini, eti kumjulia hali mzee. Valliammai aligawa kahawa na kupokea makisio.

"Neno la kwanza litakuwa tusi," alisema. "Ningekuwa mimi, lingekuwa tusi."

"Atamshukuru Murugan," Arumugam alisema.

"Saa kumi na mbili kamili za kimya? Hilo nalo lina shukrani?"

Letchumanan alikaa kwenye kiti cha pembeni, taulo mdomoni, anangoja kuadhibiwa. Gari la Pandi likaingia uani. Jua likagusa kilele cha paa la jirani, likakaa pale kwa ukaidi, kisha likazama.

Poongodi alisimama. Watu wakasogea mbele.

"Pandi," alisema, na sauti ikatoka na kutu. "Nipe simu."

Valliammai akavunjika moyo waziwazi. Poongodi aliifungua picha ya Oviya, ile aliyokuwa amekasirika kwa kunyimwa kijiko. Akamwendea mumewe, akamnyang'anya taulo, akaibandika simu kando ya shavu lake. Akawageukia watu.

"Mdomo!"

Walitazama kulia. Wakatazama kushoto.

"Ewe Murugan," Valliammai alisema, kwa mara ya kwanza kwa sauti ya chini.

"Ni ule ule," Pandi alisema. "Hata hii pembe."

"Mimi ndiye niliyeufukua," Arumugam akawaambia wageni. "Mikono hii."

"Toka saa mbili asubuhi!" Poongodi alilipuka. "Toka saa mbili asubuhi nimeubeba! Ngazi mia saba! Namwonyesha, anajifunika! Namfinya, ananishukuru kwa kejeli! Wewe mtu wewe, umekaa na mdomo wa mjukuu wangu miaka thelathini na sita umeufunika kwa ufagio, mimi napekua albamu kama mwizi, muuza samaki ananihukumu!"

Letchumanan hakuwa anamsikiliza. Alikuwa ameichukua simu kwa mikono miwili. Aliitazama, akajigusa mdomo wa juu kwa kidole, polepole, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba asiyoijua. Akaingia chumbani. Walimsikia akivuta shati kwenye kioo. Alikaa huko muda. Alipotoka alikuwa amenawa uso.

"Mama yangu," alisema. "Ni mdomo wa mama yangu. Nilikuwa na miaka minne alipokufa. Hakuacha picha." Akaketi. "Nilidhani nimemsahau."

Poongodi alimpangusa liwa iliyokauka juu ya sikio, akamkalia karibu.

Baada ya kitambo, mzee alijikohoza. "Kwa hiyo nikianza kuyafuga kesho, kufika mwezi wa..."

"Thubutu!" Poongodi alisema. "Huoti hata unywele mmoja mpaka tupitie Penang."

Akabonyeza simu. Iliita mara mbili, na Sivagami akajaa kwenye kioo, kitana kichwani, anang'aa.

"Dada! Mmeteremka salama? Na huyo babu aliyekaa hapo na wewe ni nani?"

Poongodi alivuta pumzi, ndefu, ya siku nzima. Lakini kabla hajaanza, Letchumanan alisogeza kiti chake mpaka vichwa vyao vikagusana, akainua kidevu, akaugeuza uso wake kwenye mwanga wa taa, upande wa kushoto.

"Sema, Mama Kasturi," alisema. "Sema yote."